Nukta ya Kijani Kando ya Jina Lake

...na kama ile inayotetemeka ni yangu basi ni yeye, na kama ni yeye basi kuna jambo, maana Yanina anajua fika kwamba simu zetu zote, sisi wa kikundi cha kujiachisha simu, zimelala kwenye kikapu cha mkate juu ya kabati, zimefunikwa kitambaa kama mikate kweli, anajua kwa sababu ndiye aliyenileta, mke wangu mwenyewe, akanisindikiza mpaka mlango wa chini, Dokta Ofelia akashuka na funguo kutufungulia, na nikaona, nani asingeona, jinsi walivyobusiana shavuni kama watu wanaojuana, ingawa wote wawili wanaapa hawajawahi kukutana... hapa Buenos Aires kila mtu hubusu kila mtu, hata fundi bomba, najua, lakini mabusu hayafanani. Kikapu kimenyamaza. Dokta anaendelea, sauti ya polepole, kitu kuhusu kusubiri, kuhusu mkono unaokwenda mfukoni kabla mtu hajajua anautuma, sisikii vizuri, nimeshika kibuyu cha yerba, chai chungu ya majani tunayopokezana, zamu yangu, maji ya moto mpaka shingoni, mrija wa chuma umenielekea, na Doña Beba, ndiye anayemimina leo, mama mzee mwenye kucha nyekundu, amenipa akasema chukua mwanangu, nami nimechukua na sijanywa, kwa sababu nawaza, nani alimpata daktari huyu? Binamu yake Yanina. Binamu yake! Kwa hiyo nikisema neno hapa ghorofa ya tatu, litashuka kwa binamu, litapanda tena mpaka jikoni kwangu, na saa nzima na nusu bila simu, nani anafaidika, mwanamume akikaa saa nzima na nusu hajui mkewe yuko mtandaoni au hayuko? Alisema atanisubiri mkahawa wa kona, hapo chini. Alisema ama ukae mpaka mwisho, usitoroke kama wiki iliyopita, ama namchukua mtoto, Bautista, tunakwenda Tandil kwa mama, na safari hii hatuendi kutembea... alisema akisugua sufuria, hakunigeukia, na mwanangu sebuleni anasikia kila kitu, na mimi macho yangu yalikuwa wapi, yalikuwa kwenye simu yake mezani, imelazwa kifudifudi, kifudifudi, mtu asiye na la kuficha anailazaje simu kifudifudi? "We Ramiro, hiyo si maikrofoni, bwana, nyonya urudishe, wenzako tuna kiu!" Huyo ni Nacho, dereva wa teksi, aligonga gari la polisi kwa nyuma huku akitazama video za magari yanayogongana, alitusimulia mwenyewe, akacheka mwenyewe, na sasa wote wanacheka, wananicheka mimi, au wanacheka tu, sijui watu hucheka nini. "Mwache apumue," anasema Doña Beba. "Kasikia kikapu kinalia, kadhani ni mkewe." "Na kama ni mkewe kweli?" Nacho tena. "Basi atangoja, sisi wake si tumezoea?" Na Dokta, hacheki yeye, "Ramiro, kilipotetemeka, uliona nini?" Uliona nini, swali la polisi hilo, niliona nukta ya kijani, Dokta, nukta ya kijani kando ya jina lake, ya kusema yuko mtandaoni, inawaka, inazima, na ile nyingine, ya yule mwalimu wa kuogelea wa Bautista, inawaka, inazima, nimewahi kusimama jikoni kwa mteja, friji yake nimeipasua tumbo, gesi inavuja, mwenye nyumba anakohoa, nami nalinganisha nukta mbili, hii imewaka, ile imewaka, hii imezima, ile... bado, na lile bado likanikaa kifuani siku nzima kama nyama isiyotafunwa, lakini sisemi, nasema, "Sijaona kitu. Naangalia tu." Dokta anangoja. Ndiyo kazi yake, kunyamaza, analipwa kwa hilo, ananyamaza mpaka mtu ajaze mwenyewe, nami sijazi, aliyejaza ni Doña Beba, birika mkononi, "Mimi mume wangu amekufa lakini laini yake naiweka hai. Nafungua jina lake, chini pameandikwa mara ya mwisho alionekana lini. Nasoma. Nafunga. Nikimaliza kufua nafungua tena." Nacho kafuta kicheko usoni. "Lakini mama, unategemea nini, kwamba Rodolfo atakuandikia?" "Sitegemei, mwanangu. Naangalia tu."

Naangalia tu. Neno langu hilo, nimelisema sasa hivi, amelichukua au amelileta kutoka kwake, na anayemngoja hayupo popote, hata Tandil hayupo... Na Dokta, bila kumtazama yeyote, kana kwamba anauliza kabati, "Nyumbani ulikokulia, Ramiro, nani alikuwa akisubiri?" Haya, hapo, nimemshika, Yanina kamwambia! Kamwambia habari za kibanda cha simu kule Lanús, mwaka ule benki zilipofungwa na baba akapanda ndege kwenda Valencia, na kila Jumapili mama akanipeleka kwenye kile kibanda cha kioo, kuna kiti, kuna simu, "Kaa hapo karibu, ikilia udake upesi, sekunde ni pesa za baba yako," na mimi magoti pamoja, mkono juu ya simu, naitazama ile taa yake ndogo inayowaka kabla ya mlio, mama nje anajidai kusoma bei za dukani, na taa iliwaka, Jumapili nyingi iliwaka, halafu ikawaka moja moja, halafu tukawa tunakwenda tu, Yanina kamwambia yote haya... lini? Nilimwambia Yanina lini? Natafuta. Harusini, hapana. Bautista alipozaliwa, hapana, alisema tu baba yako yuko Hispania, nikasema ndiyo, nikabadili mazungumzo. Sijamwambia. Sijamwambia mtu. Basi Dokta katoa wapi, hajatoa popote, kauliza tu, na ile hasira yangu imebaki imesimama katikati ya chumba haina wa kumwendea. Kikapu kinatetemeka tena. Hakuna anayesogea. Kibuyu kimepoa mkononi, Doña Beba ananitazama hanihimizi, nami najaribu kuuona mkahawa wa kona kama ninavyouona kichwani kila siku, Yanina na yule mwalimu wa kuogelea, nywele mbichi, kicheko, lakini leo yule mwanamume hataki kukaa, namweka anafutika, namweka tena anafutika, nakuja kuona meza yetu wenyewe, milanesa, nyama zetu za kukaanga, zinapoa, mimi nimeinamia nukta yake ya kijani kwenye simu na yeye yupo mbele yangu, mwili mzima, uma mkononi, ananitazama utosini, anasubiri niwake... na pale kona sasa hivi, ndiyo, pale, kahawa yake imekwisha, mhudumu anataka kuchukua kiti kilichobaki awape watu wa meza ya pili, na Yanina ameweka mkoba wake juu yake, anamwambia hapana, samahani, hiki kina mwenyewe.