Wagonjwa Aliowabuni Wifi

Ofisini kwetu seva ilikuwa inalindwa na kofia. Sitanii. Ilikuwa kofia nyekundu ya sufu, yenye kishada juu, na sheria ilikuwa moja tu: aliyeivaa ndiye mwenye ruhusa ya kuingia kwenye seva, kompyuta inayobeba tovuti tunazotengeneza, na kubadilisha kitu. Wengine mkae mbali, mnywe chai. Sheria hiyo aliitunga kaka yangu, mwenye ofisi, na aliijivunia kama mtu aliyevumbua moto.

Tulikuwa watatu. Kaka aliandika skripti, yaani maagizo yanayoiendesha tovuti, Mchoraji alishughulikia rangi na sura ya kurasa, na mimi nilipokea simu na kugombana na watu, kazi ninayoiweza bila kufundishwa. Skripti nazisoma pia, ila zinavyopenda kununa zinanishinda. Mteja wetu mkubwa alikuwa kliniki moja ya figo. Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine walikuwa wanaingia kwenye tovuti yetu kuchagua siku, saa na kiti. Ukurasa ule haukai tayari mahali. Mgonjwa akibonyeza, seva inasoma skripti ya Kaka, inatazama viti vilivyobaki, kisha inampikia ukurasa wake pale pale. Kwa hiyo Kaka akikosea kwenye seva, saa hiyo hiyo kuna mtu anakula kosa lake.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa shangazi yetu, dada wa baba, aliyetulea tangu tukiwa wadogo wa kufungwa vifungo vya shati.

Siku moja Kaka akaenda kunyoa. Kofia akaiacha mezani, maana nani anakwenda kwa kinyozi na kofia ya sufu. Faili alikuwa ameliacha wazi kwenye kompyuta yake. Mchoraji akaiona kofia haina mtu, akaivaa kihalali kabisa, akaingia kwenye seva, akarekebisha alichorekebisha, akatoka. Kaka akarudi kichwa kinang'aa, akaketi, akahifadhi faili lake la asubuhi juu ya kazi ya Mchoraji. Tovuti ikazimika. Ilipokuja kuamka, ilikuwa imegawa viti mara mbili, na kule kliniki watu wawili wawili walikuwa wanatazamana mbele ya kiti kimoja. Shangazi alimpisha mwenzake. Akakaa kwenye benchi la ukumbini hadi jioni, miguu imemvimba, na hakutupigia simu kwa sababu hakutaka kutuaibisha.

Muuguzi mkuu alinipigia. Hakufoka, na laiti angefoka ningejua la kumjibu. "Ikitokea tena," alisema taratibu, "tunaachana na tovuti, tunarudi kwenye foleni. Atakayewahi alfajiri ndiye atakayekaa."

Nilimwona akilini Shangazi amesimama gizani kwenye geti la kliniki, watu wenye nguvu zao wamemtangulia. Nikakata simu nikamgeukia Kaka. Niliyomwambia hayaandikiki.

"Sasa mdogo wangu, unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Mwite mkeo."

Wifi yangu alikuwa ametunza seva za kampuni kubwa kwa miaka kabla hajakaa nyumbani na mapacha. Watoto walipoanza shule akaanza kuomba kazi na kuitwa kwenye usaili kwa watu baki, huku mumewe ofisini maji yamemfika shingoni. Kaka hakuwahi kumwomba msaada. Alisema hataki kuchanganya kazi na nyumba. Mimi naliita jambo hilo kiburi, na jina langu ndilo sahihi.

Akaja. Akaomba aonyeshwe tunavyofanya kazi. Kaka akamkabidhi kofia. Wifi akaigeuza, akachungulia ndani kana kwamba kuna maelezo.

"Na siku ya baridi, kila mtu akiitaka, mnafanyaje?" aliuliza.

Mchoraji akacheka, Kaka akanuna. Nilitegemea ataketi aanze kuandika kwa kasi, kama wataalamu wanavyopenda kuonekana. Hakuandika. Alichukua mkoba akafuatana na Shangazi kliniki, akashinda huko, na siku iliyofuata akaenda tena. Nililalamika wazi: tumemwita fundi, yeye kaenda kumtazama mgonjwa. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu.

Aliporudi alianza kwa kumpa kila mmoja wetu nakala ya tovuti nzima, inayofanya kazi ndani ya kompyuta yake mwenyewe, na kiseva chake kidogo. Humo unavunja unavyotaka, hakuna anayeumia. Kisha akaweka ghala moja la pamoja. Badiliko lolote linaingia humo likiwa na jina la aliyelifanya na sababu yake, na la jana halipotei hata ukilikataa. Wawili mkigusa sehemu moja, ghala linawasimamisha mpaka mpatane. Mchoraji na Kaka walipatana mara nyingi wiki ile kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Halafu akajenga seva ya majaribio, ndugu pacha wa ile ya kweli, na humo akaweka wagonjwa wa kubuni. Hapo ndipo nilipompenda upya. Kuna Bwana Ndiyo-Hapana, anayechukua kiti, anakiacha, anakitaka tena. Kuna Mama Simu Moja, anayetumia simu ya mwanawe ambaye naye ni mgonjwa. Kuna wazee wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Na kuna Bibi Hasogei, ambaye mshipa wake wa sindano uko mkono wa kushoto, kwa hiyo anakaa tu kwenye viti ambavyo mashine iko kushoto. Watu wa namna hiyo wote aliwaona kliniki kwa macho yake. Kila tulipobadilisha kitu, wagonjwa hawa walipita wenyewe mmoja mmoja wakitafuta viti, na akikwama hata mmoja, badiliko haliendi kokote. Wakipita wote, linapanda lenyewe hadi seva ya kweli. Nimekaa na mafundi miaka mingi, na sijaona aliyewaza juu ya watu namna ile kabla ya kugusa kitufe.

Kofia Mchoraji aliipeleka kwao, sijui nani anaivaa.

Jambo la mwisho ndilo lililoleta ugomvi. Wifi alibadilisha nenosiri la seva ya kweli na kuzuia mtu yeyote asiingie kwa mkono.

"Nyumba nimeijenga mimi," Kaka alisema, "halafu unaninyang'anya ufunguo?"

"Hata mimi siutumii," Wifi alijibu. "Njia ni ile moja, tutapita wote."

Kaka hakusema naye hadi kesho yake, na mle ofisini mna meza tatu tu, kwa hiyo walinituma mimi. Nilichoka.

Kesho yake hiyo muuguzi mkuu akapiga. Mashine ya karibu na dirisha imeharibika, tuiondoe kwenye tovuti kabla ya zamu ya mchana, wagonjwa wake wahamie viti vingine. Kaka akajinyoosha vidole. Kazi ya dakika chache, kwa mkono wake. Akaandika, akaipeleka ghalani, na alama nyekundu ikatokea kwenye skrini: Bibi Hasogei hana kiti.

"Huyo si mtu," Kaka alisema. "Ni maneno tu ya mke wangu. Mchana unafika, nifungulie."

Wifi akatikisa kichwa. Mimi nami roho ilikuwa juu, nikamwambia, "Wifi, mfungulie, muuguzi anasubiri."

"Isome kwanza," alimwambia mumewe, kwa upole ulionikera.

Kaka akasoma skripti yake upya, midomo inacheza. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona anaacha kusoma. Alikuwa ameandika kwamba anayekalia kiti cha mashine mbovu apewe kiti kilicho wazi. Lakini anayehitaji mashine upande wa kushoto, na upande ule ukiwa umejaa, skripti ilikuwa inamfuta kwenye orodha, kimya kimya, bila kumwambia mtu. Nikafungua orodha ya kweli ya mchana ule nitazame nani yuko kwenye kiti cha dirishani. Ilikuwa Shangazi, na mshipa wake wa sindano uko mkono wa kushoto. Nikamgeuzia Kaka skrini yangu.

Uso ulimshuka. Alivuta kiti karibu na mkewe wakaandika pamoja: atafutwe aliye upande wa kushoto ambaye anaweza kukaa popote, huyo ndiye asogee. Wagonjwa wa kubuni wakapita wote. Badiliko likapanda kwenye seva ya kweli mchana kweupe, watu wanaitumia, na tovuti haikupepesa hata jicho. Muuguzi mkuu hakupiga simu. Wifi alikuwa ameshafungua kazi nyingine.

Jioni mimi na Kaka tulikwenda kumchukua Shangazi. Tulimkuta bado kwenye kiti chake kipya, mashine kushoto kwake inazunguka, amejifunika shuka hadi kifuani.

"Leo mmefanya kazi gani?" alituuliza.

"Leo nilikuwa nakufuta, Shangazi," Kaka akasema. "Ungekuja ukakuta huna kiti. Haraka zangu."

Shangazi alimtazama sana. "Ikawaje?"

"Mke wangu alinizuia."

"Umemwambia asante?"

"Bado," Kaka akasema. Shangazi akaichukua simu yake mwenyewe kwa mkono usio na sindano, akamnyooshea.

"Mpigie hapa hapa, nisikie."

Akapiga. Na kaka yangu, ambaye hata kwenye karata hajawahi kukubali kwamba ameshindwa, alisema, "Mama mapacha, kiti amepata. Asante. Kesho usiende kwenye ule usaili, baki na sisi."

Sikusikia Wifi alichojibu, ila nilimwona Kaka akigeukia ukutani kufuta macho, na Shangazi akafumba yake, mashine ikaendelea na kazi.