Maoni Yako Yanasubiri

Pale Munje mtandao ulishika pahali pamoja tu, kwenye ukuta wa makaburi, upande unaotazama msikiti. Ukisogea kidogo kuelekea nyumbani simu inakufa. Kwa hiyo Mwanafatuma alisomea makaburini. Kila siku baada ya swala ya Alasiri alibeba mkeka wake, akautandika juu ya mawe yaliyoporomoka, akaiegemeza simu kwenye ufa wa ukuta na kungoja picha ije. Jua la saa kumi lilikuwa bado kali. Hakukuwa na kivuli. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka, na ule mpasuko ulipita katikati ya uso wa mwalimu.

"Assalaamu alaykum, mwalimu mwenzangu," alisema yule mwanamke kwenye simu.

"Wa alaykumu salaam warahmatullah," aliitikia Mwanafatuma, maana salamu ni lazima iitikiwe.

Mwalimu aliitwa Nusaiba. Alivaa mtandio wa buluu na nyuma yake palikuwa na rafu ya vitabu. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Siku hiyo alifundisha somo la kumsikiliza mtoto. Mtoto akiuliza mara mbili bila kujibiwa, alisema, mara ya tatu haulizi tena. Mwanafatuma alirudia maneno hayo kwa sauti. Ndivyo alivyosomeshwa chuoni, kwenye Kurani, tangu utotoni: unamsomea maalim kwa sauti, akiridhika anakwambia usonge mbele, asiporidhika unarudia. Hakujua namna nyingine ya kusoma.

Mwisho wa kila somo Nusaiba alitabasamu na kusema, "Usisahau kuniandikia hapo chini. Ninasoma kila neno."

Hapo chini palikuwa na kisanduku. Mwanafatuma aliandika kwa kidole kimoja, polepole. Alianza kwa salamu, akamuuliza mwalimu hali yake na ya watu wa nyumbani kwake, ndipo akajibu swali la somo. Alipotuma, simu ilimwandikia: *Maoni yako yanasubiri kuidhinishwa.* Akaona ni sawa. Hata yeye daftari za watoto huwa hazisahihishi papo hapo.

Chande, mchimba makaburi, alipita na jembe begani.

"Bi Mwanafatuma, wenyeji wanakujibu leo?"

"Wewe endelea na kazi yako."

"Mimi naona uwaache wapumzike. Hapa ndipo pahali pekee Munje ambapo watu hawaitwi mkutanoni."

Alicheka peke yake na kwenda zake. Mwanafatuma naye alitaka kucheka, lakini betri ilikuwa inakwisha.

Nasari ya Munje, shule ya watoto wadogo, aliianza yeye, enzi za uhai wa mumewe, chini ya paa la makuti lililokuwa la duka. Baadaye ukaja Mradi wa Chipukizi, wenye wafadhili wa nje, ukajenga chumba cha mawe, ukapaka rangi ya manjano, ukaweka bango. Mwanafatuma akawa mwalimu wa mradi. Mume alipofariki, na Bushra, binti yake wa pekee, alipoolewa Tanga, chumba kile cha manjano kikabaki ndipo pahali alipoitwa na watu. Asubuhi watoto walimkimbilia kutoka kwenye mnazi wa kwanza, "Bi Mwalimu! Bi Mwalimu!" Saa sita wakaenda kwao. Kuanzia hapo mpaka kesho yake alinyamaza.

Halafu mradi ukatangaza kwamba kila mwalimu lazima asome masomo ya malezi kwenye mtandao, apate cheti. Aliingia kwa hofu. Lakini lile somo la kwanza lilianza kwa salamu, na ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amsalimie jioni.

Alianza kuandika zaidi ya majibu. Alimwandikia Nusaiba kuhusu Idris, mtoto wa darasani aliyekuwa hasemi. Si bubu, nyumbani anasema, darasani anafunga mdomo. *Mwalimu, nimfanyeje?* Alingoja siku nyingi. Jibu halikuja. Akajiambia mwalimu ana wanafunzi wengi, na pengine wengine wana shida kubwa zaidi. Akamwandikia kwamba mvua imeingia jikoni. Akamwandikia kwamba Bushra amejifungua, na yeye amepata habari kwa watu. Siku ya Idi alimwandikia mkono wa Idi, bila kujibu swali lolote. Kila mara simu ilisema vilevile, maoni yako yanasubiri, naye aliukunja mkeka akaenda nyumbani akiwa ameshasema na mtu.

Alimaliza masomo yote. La mwisho alilirudia, kwa kuogopa kwamba baada yake hakuna tena.

Badala ya cheti ukaja ujumbe wa simu: mwalimu asiye na cheti hatapewa darasa muhula ujao. Chini yake mwingine, kwamba Munje ingeletewa mwalimu mpya aliyehitimu. Mwanafatuma aliusoma akiwa amesimama makaburini. Aliusoma mara nyingine kwa sauti, kama somo. Kisha akapiga pasi buibui lake, kesho yake aende ofisini Kwale.

Kwale kulikuwa na ukungu wa mlimani na baridi ambayo watu wa pwani huilalamikia. Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofa mpya. Ukumbini, juu ya meza ya askari wa mlangoni, palining'inia televisheni kubwa, na ndani yake alikuwa Nusaiba, mzima, bila mpasuko wa uso. Mwanafatuma alisimama. Alijikuta ametengeneza mtandio wake.

"Mama, hapa si pa kusimama," askari alisema. "Unamtaka nani?"

"Namtaka yeye."

Askari aligeuka akatazama televisheni, akamtazama yeye, kisha akamwelekeza juu ghorofani, kwa Hesbon.

Hesbon alikuwa kijana wa bara, fundi wa mitambo ya ofisi, mwenye vikombe vitatu vya chai vilivyopoa mezani. Alitafuta jina kwenye kompyuta.

"Mathe, haupo."

"Mimi si mathe. Niite mama."

"Sori, mama. Haupo kwa mfumo."

"Nipo. Nimesoma yote. Nimejibu yote, la kwanza mpaka la mwisho."

"Umejibu wapi?"

"Kwa mwalimu. Pale chini anaposema tumwandikie."

Hesbon aliacha kuchapa. Alivuta kiti chake karibu, akashusha sauti.

"Mama, nisikize. Kuna mfumo wa masomo na kuna mfumo wa tovuti. Ule wa masomo unaingia kwa jina lako. Unajua jana ulifika wapi, swali gani ulikosa, nani amekusahihishia. Ukimaliza, unakupa cheti. Huu wa tovuti ni wa maofisi makubwa, wa kuweka habari na mapicha. Mtu yeyote anapita, anasoma, anaenda. Haumjui. Niliwaambia hawa, wacha tuchukue ule wa masomo. Wakachukua huu. Masomo wakayabandika tu kama habari."

Mwanafatuma alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo nilikuwa nasoma ubao wa matangazo."

"Ni kama hivyo."

"Na anayesema anasoma kila neno?"

Kabla Hesbon hajajibu, mlango wa ndani ulifunguka. Akatoka Bwana Mramba, mkurugenzi, mtu mnene wa shati jeupe, mwenye umri wa kuwa mdogo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hesbon, hayo tulishayamaliza kwenye kikao. Mama, karibu. Umetoka mbali, pole. Mifumo yote miwili tuliilinganisha kwa makini sana. Tulikaa Naivasha wiki nzima tukilinganisha. Ule wa masomo ulikuwa mzuri, sikatai. Lakini ungekaa humo ndani na nyinyi walimu, nani angeuona? Huu una habari, una picha, una zabuni, una ujumbe wa mwenyekiti kila ukurasa. Mfadhili akiwa kwao anafungua, anaiona kazi."

"Na huo mfumo unajua kama mimi nimesoma?"

"Unajua ukurasa umefunguliwa. Tena mara nyingi sana. Wafadhili wamefurahi."

"Umefunguliwa na nani?"

Mramba alimtazama Hesbon.

"Na mtu," Hesbon alisema.

"Basi mtu huyo ni mimi," Mwanafatuma alisema. "Naomba cheti changu."

Mramba alicheka kwa adabu, kama anayecheka na mama yake. "Vyeti vilitolewa kwenye semina ya uzinduzi, mama, kule hotelini Diani. Waliohudhuria walipewa pale pale."

"Mimi sikuitwa."

"Nyinyi wa mbali tuliwawekea mtandao. Ili msisumbuke na safari."

"Na huyo anayeletwa Munje, alikuwa Diani?"

"Alikuwa."

"Ameshawahi kufundisha watoto?"

"Ana cheti, mama." Alitazama saa yake. "Hesbon, wale wageni wafadhili wanaingia mchana huu. Ile namba nyekundu ya maoni yanayosubiri nilikwambia uiondoe."

"Huyo Nusaiba yuko chumba gani?" Mwanafatuma aliuliza.

Safari hii Mramba hakucheka. "Nusaiba ni msichana wa matangazo, kutoka Mombasa. Alirekodi siku moja, akalipwa, akaenda. Hata sijui kama ndilo jina lake."

Mwanafatuma aliikamata pembe ya meza. Kisha akamgeukia Hesbon.

"Nionyeshe nilivyoandika."

"Mama..."

"Nionyeshe tu, mwanangu. Nataka kuona kama yalifika."

Mramba alikuwa ameshainua simu sikioni. Hesbon alibonyeza, akaigeuza kompyuta.

Yalikuwa yamefika. Yalikuwa yamepangwa yote, moja chini ya jingine, na pembeni mwa kila moja neno lilelile: *yanasubiri*. Mwanafatuma aliona salamu zake. Aliona mvua ya jikoni. Juu yake palikuwa na tangazo la kamari, chini yake tangazo la dawa ya kuotesha nywele, kisha ile habari ya Idris asiyesema, kisha kamari tena. Mkono wa Idi ulikuwa katikati ya viatu vya kuuza.

"Hizi takataka zinaingia zenyewe," Hesbon alisema. "Mfumo hauchagui. Kila kitu unakiweka pamoja mpaka mtu akae achambue."

"Na nani hukaa?"

Hesbon aliendelea kushusha ukurasa, na ndipo Mwanafatuma alipoona majina mengine. Tsofa, aliyemwomba mwalimu arudie somo la tatu kwa kuwa hakulielewa. Mmoja asiyetaja jina, aliyeandika *ahsante* peke yake, kila siku, *ahsante*, *ahsante*. Halafu Mbodze.

*Shikamoo mwalimu. Mimi naitwa Mbodze, nasari ya huku Kinango. Leo watoto wamekuja wachache, wengine wamefuata maji na mama zao. Mwalimu naomba kuuliza. Kuna mwenzangu mwingine anayesoma haya masomo? Si lazima nimjue. Nijue tu kama niko peke yangu.*

Mwanafatuma aliyasoma kwa sauti. Hesbon alitazama vikombe vyake.

"Aliandika lini huyu?"

"Zamani kidogo. Mwaka jana."

"Nipe simu yake nimpigie."

"Haiko, mama. Nilikwambia. Huu mfumo hauwekei watu kumbukumbu. Anaandika tu jina."

"Basi niandikie pale chini yake. Andika, yupo wa Munje."

Hesbon aliupeleka mkono kwenye vibonyezo.

"Hesbon!" Mramba alikuwa amefunika simu kwa kiganja. "Gari limeshapita Ukunda kitambo. Nataka mgeni akifungua aone safi. Ondoa yote."

"Bosi, hapa kuna ya walimu ndani."

"Kuna walimu gani? Fungua mbele ya mgeni, aone kamari? Ondoa."

Mkono wa Hesbon ulibaki hewani. Kisha akaweka alama juu kabisa, kwenye kisanduku kimoja kidogo, na mistari yote ikageuka rangi kwa pamoja: ya kamari na ya Kinango na ya Munje. Kompyuta iliuliza kama ana hakika.

"Samahani, mama," alisema, akabonyeza.

Ukurasa ulibaki mweupe. Katikati palitokea maneno madogo: *Hakuna maoni.*

Mwanafatuma alichukua mkoba wake. Alisema kwaherini, kwa sababu alilelewa hivyo, akashuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta. Ukumbini askari alikuwa amepanga chupa za maji mezani na sasa anafuta vumbi kwenye majani ya maua ya plastiki. Nje gari jeupe lilikuwa linaingia getini, kwa hiyo askari alimwashiria asubiri pembeni, wageni wapite kwanza.

Alisubiri pembeni, chini ya televisheni. Somo la kumsikiliza mtoto lilikuwa linaisha. Nusaiba alisema anasoma kila neno, akatabasamu, kioo kikawa cheusi kidogo, kisha akarudi palepale mwanzo na mtandio wake wa buluu.

"Assalaamu alaykum, mwalimu mwenzangu."

Askari aliendelea kufuta majani. Milango ya gari ilifunguliwa, ikafungwa. Mwanafatuma alikuwa akitazama sakafu.

Hakuna aliyeitikia.