Imekaguliwa na Msomaji Asiyeona

Jina la Sauti alilipata bwenini, kwenye shule ya wasioona, kwa sababu akicheka hata mpishi kule jikoni alijua ni nani. Alikuwa haoni tangu kuzaliwa. Siku hizi alikuwa mpokea simu wa hospitali, na wagonjwa wengi waliifahamu sauti yake kuliko walivyowafahamu madaktari wao.

Kazi ya kukagua kijitabu aliletewa na wifi yake, mke wa mdogo wake, fundi wa kupanga vitabu kwenye kompyuta, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la viatu. Walipatana mno. "Wifi yangu haikatiki hata umeme ukikatika," Sauti alizoea kuwatania wenzake kazini.

Shirika moja la afya lilikuwa limempa wifi kijitabu cha wajawazito akipange, kwa sharti kwamba faili la PDF liwafae na wasioona. Wifi hakujua pa kuanzia. Sauti akaketi kando yake, akawasha ile programu inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini, na wifi akaisikia kazi yake mwenyewe: kichwa cha habari kimedumbukia katikati ya aya, safu ya kulia imetangulia ya kushoto, na kila palipo na picha programu inasema tu "picha, picha, picha".

"Haki ya Mungu, hivi ndivyo mnavyosomewa?"

"Na leo programu ina adabu," Sauti akamjibu, wakacheka mpaka muuza viatu akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Jumamosi baada ya Jumamosi wakakaa kitako. Vichwa vya habari vikawekewa alama, ili msikilizaji aweze kuruka kutoka sura hadi sura. Kila picha ikaandikiwa maelezo. Wifi aliandika "mama mjamzito mwenye furaha", Sauti akamkatiza: "Furaha yake ya nini? Niambie amelalia ubavu gani." Kilichowatoa jasho ni jedwali la dalili, mpaka hatimaye kila dalili ikasomeka pamoja na la kufanya, mstari kwa mstari, bila kuchanganyika. Siku hiyo Sauti alikubali jina lake kamili liwekwe ukurasa wa mwanzo, chini ya maneno: Imekaguliwa na msomaji asiyeona.

Kijitabu kilipotoka, hakukifungua tena. Ya nini, na alikuwa anakijua kwa moyo? Aliwatumia wenzake aliosoma nao, kifua mbele.

Mfumaji wa masweta, waliyelala naye kitanda cha juu na chini miaka ile, ndiye aliyempigia. Alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Sauti, wewe hiki kitu umekisoma?"

"Chote. Kuna nini?"

"Juzi nilitokwa na damu. Nikafungua kijitabu chako. Kinaniambia kutokwa damu, kiungulia, kuvimba miguu, ni kawaida, pumzika, wahi hospitali, kula kidogo kidogo. Nishike lipi? Nikapumzika. Mama mkwe ndiye aliyeniburuta hospitali."

"Na mtoto?"

"Yupo. Lakini daktari kanigombeza, anasema nilichelewa. Nilikiamini kwa sababu kina jina lako."

Sauti alilipakua faili palepale, kwenye tovuti ya shirika. Picha, picha, picha. Jedwali lilikuwa limemwagika kama shanga zilizokatika uzi. Kitu pekee kilichosomeka vizuri ni jina lake.

Jioni alizipanda ngazi za ofisi ya wifi. Wifi hakumzungusha.

"Shirika walibadilisha picha na jedwali siku ya mwisho, wifi. Kila kitu kikavurugika. Nikawapa faili la kuchapishia tu, zile alama zote zikabaki nje."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ungesema tuanze upya."

"Basi ungefuta jina langu."

"Bila jina lako wasingelipokea." Kiti chake kililia. "Halafu, wifi, wanaosoma namna hiyo ni wangapi kwani? Sikujua kama kuna atakayekifungua."

Jumamosi zote zile, vicheko vyote vile, kumbe mwenzake alikuwa akimhesabu kimoyomoyo na kumwona mchache. Sauti aliishika fimbo yake akashuka, na kwa mara ya kwanza akaikosa ngazi ya mwisho.

Usiku mdogo wake alikuja. Ndiye aliyekuwa akimsomea barua na magazeti tangu alipojua kusoma.

"Dada, ya nyumbani yaishe nyumbani. Ukienda shirikani, ofisi yake imekufa."

"Mwenzangu nusura apoteze mtoto."

"Lakini hakumpoteza. Na mimi nilimwambia tangu siku ile kwamba..."

"Tangu siku ipi?"

Sauti akaelewa kwamba mdogo wake alikuwa akijua muda wote, na bado alikuwa anakuja kula wali kwake kila wiki.

Alikwenda shirikani. Faili likaondolewa, kazi akapewa fundi mwingine, na Sauti akaombwa akague tena. Alikubali kwa sharti moja: asikilize faili lililokwisha kuwekwa kwenye tovuti, si nakala ya kuonjeshwa. Mdogo wake akaacha kuja. Wifi alituma ujumbe mrefu wa sauti, kilio kitupu; Sauti aliusikiliza mpaka mwisho.

Kisha akawapigia wenzake wote, mmoja mmoja, kuwaeleza. Mfumaji alimwacha mwisho, kwa woga.

"Najua si wewe," mfumaji alisema kwa upole. "Lakini kuanzia leo, kitu chenye jina lako, nitamuuliza na mtu mwingine kwanza. Usinichukie."

"Muulize," Sauti akamwambia. "Mimi pia ningeuliza."