Funguo za Wifi Khairat

Nyumba yetu ya Bagamoyo haipo tena. Ilivunjwa katika vita vya Wadachi, na nasikia mahali ilipokuwa pamepandwa mihogo. Kuta zake sizililii. Ninachokililia ni zile asubuhi za ghala, harufu ya nguo mpya za merikani ikichanganyika na kamba za usumba, na funguo za wifi yangu Khairat zikilia kiunoni kabla yeye mwenyewe hajatokea.

Mume wangu Humoud alikuwa akiandaa misafara ya bara. Watu waliokwenda Unyanyembe walikuja kwetu kuchukua nguo, shanga, masufuria na chumvi, na kila kitu kilitakiwa kitoke ghalani mara tu kinapotajwa. Kazi hiyo ilikuwa ya dada yake. Kwa Khairat, shanga nyekundu hazikulala karibu na nyeupe. Nguo za hongo, ile ada ya kupita wanayotozwa wasafiri na masultani wa njiani, zilikaa peke yake, karibu na mlango, kwa sababu ndizo zinazotakiwa kwanza. Ungeweza kumwamsha usingizini ukamwuliza sindano za magunia ziko wapi, akakujibu bila kufumbua macho. Na jikoni vivyo hivyo. Nilipotoka mimi, aliingia yeye, akirudisha kila nilichogusa.

Mimi Sabah ni mtu wa kutafuta. Ndivyo nilivyozaliwa, na sina wa kumwomba radhi. Kisu nikikishika sasa hivi, sasa hivi kimepotea. Mawifi wa watu hugombania maneno ya mitaani, sisi tuligombania vifuniko vya vyungu. Alinisema, nikamjibu, tukacheka, na kesho yake tukaanza upya. Nilimpenda sana.

Basi ikaja posa. Baba yao alikwisha kufa, kwa hiyo walii wa Khairat alikuwa Humoud, na bila ya neno lake hakuna ndoa. Nasser, mgane wa Saadani aliyekuwa akiuza ufuta, alileta washenga wake. Walikaa barazani, wakanywa kahawa, wakaambiwa wangoje msafara utoke kwanza. Msafara ukatoka. Wakarudi, wakaambiwa wangoje pembe zishuke kutoka bara. Pembe zikashuka. Humoud hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na hofu tu. Aliniambia chumbani kwamba Khairat akiondoka, nyumba hii itakuwa soko. Aliposema hivyo alinitazama usoni, nami nikajua hofu yake ina jina, na jina lenyewe ni langu.

Mwanamke hajisemei posa yake, na Khairat hasa. Alizidi kupanga. Lakini Ijumaa moja nilimkuta ameinamia kasha lake la arusi, lile aliloachiwa na mama yake. Alikuwa ametoa visutu vyote, akavifukiza udi, na sasa anavikunja upya, upindo juu ya upindo. Aliponiona alifunga kasha upesi, akaniuliza nimeweka wapi upawa. Nilitoka pale nimejaa hasira. Mwaka nenda mwaka rudi mtu anakunja nguo zile zile kwa ajili ya nyumba ambayo hapewi ruhusa ya kwenda.

Washenga waliporudi tena, Humoud alikuwa na jibu jingine tayari, safari hii juu ya mvua za masika. Nilimwita ndani kabla hajawatokea.

"Humoud," nikamwambia, "kamba ikipotea humu utanunua nyingine. Dada yako akizeekea humu, ujana wake utaununua duka gani?"

Akaniuliza nani atashika ghala. Nikasema mimi. Akacheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kukata tamaa. Nikamwambia basi tutatafuta vitu mpaka macho yatoke, lakini tutavitafuta tukiwa na uso wa kuwatazama watu. Akatengeneza kilemba chake, akatoka. Niliposikia fatiha inasomwa barazani, nilikaa chini pale pale nikalia.

Kabla ya kuondoka, Khairat alinizungusha ghala zima, akanionyesha hiki na kile, kisha akanifungia funguo kiunoni kwa mkono wake. Nusu ya mafunzo niliyasahau kabla yeye hajafika hata Mkange njiani. Msafara wa kwanza baada yake ulichelewa kutoka, na ulitoka bila ya chumvi. Humoud alisimama katikati ya ghala, akaita jina la dada yake kwa mazoea. Nikaitika mimi. Hakunigombeza.

Baada ya sikukuu nilikwenda Saadani kumtazama. Njia nzima nilikuwa nikijiandaa kuaibika, maana nilijua nitakuta nyumba inayong'aa, nami nitaulizwa habari za ghala. Nikapiga hodi. Kiatu kimoja kilikuwa kizingitini na mwenzake uani. Ufuta umemwagika ukumbini, na kuku anaudonoa kwa raha zake. Wifi yangu alinijia mbio, nywele hazijasukwa, akanikumbatia, kisha akaanza kutafuta vikombe vya kahawa. Alivitafuta kila mahali asivione. Tukanywa kwa bakuli moja, tukipokezana.

Sikuweza kujizuia. Nikamwuliza kulikoni. Alicheka kwanza, halafu akaliweka bakuli chini.

"Kule, wifi yangu, kila kitu kilikuwa na mahali pake isipokuwa mimi. Nilikuwa naogopa nikipoteza hata sindano, kaka atajiuliza mimi ninakaa pale kwa kazi gani. Hapa hata nikipoteza nyumba nzima, ni yangu."

Miaka yote ile nimeishi naye chini ya dari moja, nikidhani anapenda kupanga.