Wimbo Niliouota Jumapili

Sikuwa na wimbo. Miezi saba ilikuwa imepita tangu nitunge wa mwisho, na mashindano yalikuwa yamebaki wiki tano.

Mimi ni manju wa kundi la Wagika hapa Mkolani. Manju ndiye anayetunga, ndiye anayeimba mbele, na ndiye anayelaumiwa. Kila mwaka baada ya mavuno tunaingia uwanja mmoja na kundi la Wagalu, wao upande ule, sisi upande huu, tunacheza kwa wakati mmoja. Jaji hayupo. Watazamaji wakikupenda wanakuja upande wako, wakikuchoka wanakupa mgongo. Jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wimbo wa mwaka jana hauvuti hata mbuzi. Lazima uwe mpya.

Nilikuwa nimeshindwa miaka miwili mfululizo. Wachezaji wangu, watu ishirini na wanane, wakakaa kikao bila mimi, wakamtuma Kashindye, mkubwa wao, aje aniambie walichoamua. Alinikuta kazini. Napasua mawe kule mlimani: unawasha moto juu ya jabali, likishika joto unalipiga nyundo.

"Shikamoo, manju."

"Marahaba. Sema haraka, moto unawaka huu."

"Wanasema tukishindwa tena mwaka huu, wanahamia kwa Maige."

Kutoka Wagika kwenda Wagalu si kama kubadilisha shati. Ni kama kubadilisha dhehebu. Nikaweka nyundo chini.

"Wanasema wao. Na wewe?"

"Mimi nina watoto, manju. Kwa Maige wanaitwa kwenye harusi, wanaitwa kwenye kampeni. Sisi tunaitwa na nani?"

Nikaokota nyundo, nikarudi kwenye jabali.

Maige huyo nilimfundisha mwenyewe. Siku moja mazoezini alinyoosha mkono akasema wimbo wangu mpya unafanana na wa mtu mwingine. Kwetu manju haulizwi wimbo kautoa wapi. Wimbo unakuja ndotoni, au unakuja tu, na watu wanaupokea. Nilimfukuza siku ileile, mbele ya wote, ili kila mmoja aone. Akaenda Wagalu, na sasa ndiye manju wao. Kama alisema kweli au hakusema kweli, sijui. Sikumpa nafasi.

Mtu mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kuniuliza, mke wangu Teodora. Nilikuwa namwimbia akichambua mchele. Wimbo ukiwa mbaya alisema mbaya. Kuna mmoja nilioupenda sana, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huu ni wa kwaya ya parokiani, umeuvalisha koti tu. Karudishe." Nikaurudisha. Teodora tulimzika mwezi wa kumi. Baada ya hapo nyundo ikawa inapiga jiwe tu, haileti wimbo.

Habari zilipoenea kwamba manju amekauka, kila mtu akawa daktari.

Wa kwanza Pius, mpiga ngoma wetu. Ana meza pale stendi ya Nyegezi, anaingizia watu nyimbo kwenye simu na flashi. Akaniletea flashi yenye nyimbo mia nne na kumi na mbili.

"Humu kuna Kongo, kuna taarabu, kuna dansi za zamani, kuna injili. Singeli nimeweka tatu tu. Usisikilize zote siku moja, una umri wewe."

"Zitanisaidia nini?"

"Manju, umeacha tanki wazi juani. Lijaze kwanza."

Nikazisikiliza kwenye redio ndogo mlimani wiki nzima. Zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila nilichofikiria kukisema, mtu alikuwa ameshakisema, tena ana gitaa.

Kisha Mwalimu Obedi, jirani yangu, mstaafu. Akanipa kitabu cha hadithi, mtu kanyang'anywa shamba na ndugu zake.

"Mwalimu, mimi niliishia darasa la tano. Nilitolewa nikachunge ng'ombe."

"Basi kisome kama mtu wa darasa la tano. Polepole. Nani anakukimbiza?"

Nikasoma kwa kidole. Ukurasa wa thelathini na moja mke wa yule mtu akafa. Nikakifunga, nikakirudisha nikisema kizuri sana.

Kashindye naye akasema nitafute sinema za Wachina wanaopigana, eti miguu yao ina ngoma ndani. Niliangalia mbili. Miguu yao ilikuwa na mateke.

Ikabaki zamu ya Gladness, binti yangu. Ana miaka kumi na tisa, anashona nguo hapohapo nyumbani, na ndiye tuliyebaki naye. Jumapili moja baada ya kula akanivutia kiti mbele ya televisheni.

"Baba, leo huendi popote. Kaa uangalie kitu mpaka mwisho."

"Kitu gani?"

"Tamthilia. Kuna mama ana hoteli, wanawe wanagombana. Wameitafsiri Kiswahili. Mkolani nzima inaiangalia, wewe tu ndiye unabaki nyuma."

"Na mimi hoteli ya nini?"

"Kaa, baba."

Nikakaa. Sehemu ya kwanza mama alilia. Sehemu ya pili akampiga mtu kofi. Nilikuwa nimekula ugali na sato mzima, na feni ilikuwa inanipepea. Nikalala palepale kitini. Gladness akaendelea, sehemu baada ya sehemu.

Nikamwota Teodora. Alikuwa anafua kwenye mawe ya ziwani, amenipa mgongo, anaimba. Sikuwahi kumwota tangu tumzike. Sauti ilikuwa yake hasa, na wimbo ulikuwa unapanda, unasimama kidogo, kisha unashuka kwa hatua tatu kama mtu anayeshuka jabalini. Nikaamka nao mdomoni.

"Gladness! Nimepata! Mama yako kanipa wimbo!"

Nikamwimbia. Alikuwa ameshika rimoti. Akaangalia televisheni, akaniangalia mimi. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Akazima televisheni.

"Ni mzuri, baba," akasema.

Wiki ile nikaweka maneno ya Kisukuma, ya mwanamke aliyefua nguo za watu wote akaondoka na zake zimelowa. Kazini nyundo ikarudi kuongea. Jioni nikawapandisha wachezaji mlimani, mahali tunapofanyia mazoezi ya siri, nikawaambia: wimbo huu nimepewa na marehemu. Nikaanza kuimba. Mkono wa Pius ukasimama juu ya ngoma.

"Vipi?"

"Hakuna kitu, manju. Mkono umeteleza."

Vijana wawili wa nyuma wakatazamana. Nikawakazia macho, wakainamisha vichwa. Nilidhani ni heshima.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa tangu saa nane. Maige alianza na wimbo wa bei ya pamba, watu wakawa wake. Sisi tukapiga ngoma tupu, nikasubiri wanogewe, kisha nikatoa wangu. Nilipomaliza mstari wa kwanza tu watu wakageuka. Waligeuka kweli, kinamama mbele, watoto wakikimbia, vumbi linatimka, upande wa Maige ukabaki na wazee na muuza miwa. Nikamwona Kashindye anarusha miguu kama kijana. Nikasema moyoni, Teodora, asante.

Kisha kinamama wakaanza kucheka. Walicheka wakipiga makofi, na mmoja akaimba juu ya sauti yangu kwa Kiswahili, "Hoteli ni yangu, mume ni wako!" Watoto wakadakia. Mstari wa pili wakaujua. Wa tatu wakaujua. Uwanja mzima ukaimba wimbo wa kufungulia tamthilia, na mimi katikati na usinga wangu wa mkia wa nyumbu mkononi, naimba habari za mke wangu bila mtu kunisikia.

Maige akanyamazisha ngoma zake. Akachukua kipaza sauti.

"Manju Masalu! Sehemu inayofuata ni lini? Yule mama atapata hoteli yake?"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Baada ya kucheka wakarudi kwake, wote, polepole, wakijifuta macho. Jua lilipozama kwangu walikuwepo Mwalimu Obedi na binti yangu.

Tulipokuwa tunapakia ngoma kwenye gari nikamuuliza Pius.

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza. Tamthilia hiyo naiuza pale stendi, manju. Nimeiingiza kwenye simu mia."

"Kashindye, na wewe?"

"Mke wangu anaiangalia kila jioni. Nilijua."

"Mbona mlinyamaza? Mmeniacha niende mbele za watu uchi!"

Kashindye akafunga kamba yake mpaka mwisho ndipo akajibu. "Maige alisema. Ulimfanya nini?"

Nyumbani Gladness alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona. Sikukaa.

"Nawe ulijua."

"Wimbo huo ulikuwa unapigwa wakati umelala, baba. Kila sehemu ikianza, unapigwa."

"Ungeniambia palepale!"

"Ulisema mama kakupa." Akageuza uso kwenye cherehani. "Ulikuwa unalia na unacheka. Tangu mwezi wa kumi sijakuona hivyo. Ningesemaje?"

Mama yake angesema. Nikajizuia kulitamka hilo, nikaenda kukaa nje.

Sasa ni mwezi wa tisa. Wachezaji ishirini na wanane, kumi na tisa wamevuka kwenda Wagalu. Pius amekwenda na ngoma zake mbili, zile kubwa. Kashindye alikwenda wa mwisho, akaja kuaga, akasema shikamoo, akaondoka bila kukaa. Tisa waliobaki, sita ni wakubwa kuliko mimi, na mmoja mguu wake ni mbovu. Mialiko ya harusi, hakuna. Nyimbo tangu siku ile, hakuna hata moja. Televisheni Gladness ameifunika kitambaa, na mimi nikiingia anaacha hata kuimba mdomoni. Na ndoto moja ya Teodora, ndiyo pekee niliyopata tangu tumzike. Nikiikumbuka sasa, anafua pale kwenye mawe ya ziwani, ananipa mgongo, na nasikia kinamama wakicheka.