Sauti ya Jirani

Midomo ya Jirani ilikuwa ikimsengenya msimamizi, na Sindano, aliyesimama upande wa pili wa mashine, alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuna aliyewasikia. Ndani ya ukumbi ule wa kufuma hata wao wenyewe hawakujisikia. Mitambo ilinguruma tangu kengele ya asubuhi, sakafu ikitetemeka, na aliyetaka kusema na mwenzake alitamka polepole, bila sauti, akiupanua mdomo ili mwenzake ausome. Mgeni alijifunza lugha hiyo au akabaki kununa peke yake. Sindano aliizoea kupita kiasi. Dukani alimtolea muuza sabuni midomo mipana kama ya kiwandani, naye muuza sabuni akamuuliza kwa nini anamkejeli.

Alifika katika mji huo akikimbia vita, kama nusu ya wafumaji wenzake. Kitambaa walichofuma kilikuwa kizito, cha kijani, cha kushonea sare za askari wa nchi asizozijua, na vita vilipowaka mahali fulani kiwanda kiliongeza zamu. Vita vilimfukuza kwao, vita vikampa riziki. Alilijua hilo, akaona afadhali asilifikirie sana.

Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko na dirisha lililotazama ukuta. Hakuwa na ndugu hapo. Jumapili ingeweza kwisha bila yeye kufungua kinywa, na Jumatatu akaenda kazini mbio kama aendaye harusini, kwa sababu ya Jirani. Hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Mashine hazikuruhusiwa kusimama, hivyo mmoja alipokwenda kula, mwenzake alimwangalizia zake. Hawakuwahi kukaa benchi moja. Jioni Jirani alitokea lango la nyuma, akiwahi basi. Hata hivyo, kwa midomo tu, walikuwa wameambiana kila kitu: ndoto zao, maumivu ya miguu, wanaume waliowapotezea muda. Kila kitu isipokuwa walikotoka. Hilo halikuulizwa pale, na aliyeliuliza alionekana hana adabu.

Siku hiyo umeme ukakatika. Haikuwa mara ya kwanza, ila siku zote jenereta liliitikia papo hapo. Safari hii likagoma. Mashine zikazimika moja baada ya nyingine, na ukumbi mzima ukawa kimya.

"Mwenzangu, sikia!" Jirani alisema kwa sauti, huku anacheka. "Kumbe humu darini kuna ndege!"

"Wako wapi?" Sindano aliuliza, akitazama juu. Kisha akaacha kuwatafuta ndege, akamgeukia Jirani.

Ilikuwa sauti nzuri, nene kuliko alivyoidhania. Lakini ilipanda mwishoni mwa kila neno, kama wanavyosema watu wa ng'ambo ya mto wa kwao. Wanaume waliokuja kwao asubuhi ile, watu wakiwa bado wananawa uso, walisema vivyo hivyo. Walimwambia kaka yake avae viatu, wana mazungumzo naye kidogo. Walisema kwa upole kabisa. Kaka akavaa viatu, akaenda, na mpaka leo hajarudi.

Umeme uliporudi, Jirani naye hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameziinamia nyuzi zake. Sindano akashukuru.

Tangu hapo hakumtazama usoni. Katika ukumbi ule, kutomtazama mtu ni kumziba mdomo, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Kila asubuhi aliuona kwa pembe ya jicho mkono wa Jirani ukimpungia, naye akajitia kutafuta kitu sakafuni. Alijiambia kwamba ana haki. Haki yenyewe aliila benchini, peke yake, pamoja na chakula chake, na haikushuka. Akirudi, alikuta mashine zake zinakwenda, na pale uzi ulipokatika, fundo dogo, safi, la mkono alioujua. Jumapili moja alijikuta anausimulia ukuta jinsi msimamizi alivyoteleza ngazini. Akaona aibu, akanyamaza, akalia. Alimchukia Jirani na alikuwa na hamu naye, na mambo hayo mawili yalikataa kuachana.

Kisha, jioni moja, fundi wa mitambo akamsimamisha langoni.

"Mbona jirani yako anahamia idara ya rangi? Kesho ndiyo siku yake ya mwisho kwenu. Mmegombana?"

"Hatujawahi kugombana."

"Haya. Mimi nimetumwa tu kutafuta mtu wa mashine zake."

Kesho yake, karibu na saa ya chakula, Sindano aliziacha mashine zake, akazunguka, akasimama mbele ya Jirani. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Jirani alikuwa amekonda.

"Walimchukua kaka yangu," Sindano alitamka bila sauti. "Watu wenu."

Uzi ulikatika kwenye mashine mojawapo, ikasimama. Hakuna aliyeushughulikia.

"Na mimi nilikusikia siku ile," midomo ya Jirani ilijibu.

"Ulinisikia nini?"

"Ulisema, wako wapi. Maneno mawili tu, yakanitosha. Nyumba yetu ilichomwa na watu wanaosema kama wewe, Sindano. Mama alikuwa ndani."

Sindano alifungua mdomo. Alitaka kusema hakuwa yeye, hakuwajua hao, alikuwa msichana tu. Jirani aliutazama mdomo ule, akiusubiri.

"Nililia weee, asubuhi nikaja kazini nikakupungia mkono," Jirani aliendelea. "Nimekupungia kila siku. Mkono umechoka, mwenzangu."

Msimamizi alikuwa ameanza kuwakazia macho kutoka mlangoni. Jirani akafuta uso kwa kiganja, akaielekezea kidevu saa ya ukutani.

"Nenda kale. Nitakuangalizia."

Sindano hakwenda. Alisogea mpaka midomo yake ikagusa sikio la Jirani, akavuta pumzi, akalitaja jina la kaka yake kwa sauti yake yote, kwa lafudhi ya kwao. Kisha akageuza kichwa, akasukuma nywele nyuma, akamtegea Jirani sikio lake mwenyewe.