Kipande Chekundu cha Ziada

Kila alasiri, kabla Mbarak fundi hajafagia baraza yake, Nusura alikuwa amekwisha fika na kikapu. Mbarak alishonea watu mbele ya duka la vitambaa pale Busia, karibu na geti la mpaka, na kama mafundi wote alipenda kumwambia mteja alete yadi moja zaidi, isije ikapungua. Haikupungua hata siku moja. Vilivyobaki vilianguka chini ya cherehani, na vilivyoanguka vilikuwa vya Nusura, kwa sababu alimletea fundi maandazi ya moto na hakumuuliza maswali.

Kwa vipande hivyo alishona mablanketi. Si yale ya kijivu ya dukani yanayowasha shingo, la hasha! Nusura aliweka zambarau ubavuni mwa manjano, drili ya khaki katikati ya satini mbili za waridi, akakata pembetatu, akakata miraba iliyopinda kwa makusudi, na ndani akatandaza pamba aliyoletewa na mumewe Edris, dereva wa lori. Wazee wa msikitini walisema rangi zile zitawaumiza watu macho. Wake zao wakanunua. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na watu walitaka vitu vyenye rangi.

Blanketi la kitanda chake mwenyewe alilishona mwaka ambao Ziada, binti yake wa pekee, aliolewa Tororo, ng'ambo ya mpaka. Katikati aliweka kipande chekundu chenye madoa meupe, kilichobaki Mbarak aliposhona gauni ambalo Ziada aliondoka nalo nyumbani. Karibu nacho aliweka kipande cha shati la kazi la Edris. Pembeni kote vilikuwa vipande vya majirani, maana Mbarak alishonea mtaa mzima.

Mvua za masika zilipoanza, kipande chekundu kikalowa. Edris akapanda juu ya nyumba, akaziba mabati kwa lami. Kikalowa. Wakasogeza kitanda. Kikalowa vilevile, na mvua zikaisha, na bado kila magharibi kililowa hicho tu, vingine vikavu kabisa. Mwishowe Nusura akakigusa kwa ulimi. Kilikuwa na chumvi.

"Kumbe ni machozi," alisema, akarudi kusonga ugali.

Asubuhi yake alilianika blanketi kwenye kamba na kumweleza jirani yake, Benedetta, mwanamke wa Kiteso aliyeuza ufuta sokoni. Benedetta akatafuta kipande cha shati la mwanawe Ekwaro, mpakiaji mizigo katika stesheni ya Malaba, akakinusa kwa muda mrefu.

"Huyu mtoto! Aliniapia mbele ya kanisa ameacha sigara."

"Labda ni moshi ya treni, mama."

"Moshi ya treni naijua. Hii ni sigara, tena ile ya bei rahisi."

Tangu hapo wanawake wa mtaa walipita uani kwa Nusura kujua habari za watu wao. Mtu alifika, akapapasa au akanusa kipande chake, akanywa chai, akaenda zake. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Simu ilikuwa posta tu, na foleni yake ilichosha miguu.

Nusura peke yake ndiye hakupata raha. Ziada alikuwa mtoto wa kucheka mpaka apaliwe, na kucheka kwenyewe kulianza kabla hajamaliza kusimulia. Mama yake alimpenda kupita kiasi na hakuona haya kusema hivyo. Akamwambia Edris, safari hii akifika Tororo, aende akamwone mtoto kwa macho yake, na kama mambo ni mabaya arudi naye.

Edris alirudi jioni, akanawa, akala, akasifu mchuzi.

"Mtoto mzima kabisa," alisema. "Amenenepa. Anakusalimia."

Lakini mchana ule, lori likiwa bado njiani, kipande cha shati la Edris kilikuwa kimelowa chapachapa, na Nusura alikuwa amekikamua kwa mikono yake.

"Baba Ziada," alisema, "umelia barabarani."

Edris akanawa mikono mara ya pili, ingawa ilikuwa safi.

"Anapigwa," alisema. "Bwana yake anampiga vibaya. Nimeuona mkono, na ubavu wa kushoto anaushika."

"Na ukamwacha?"

"Lori ni ya baba mkwe wake, Mama Ziada. Nikimbeba mtoto leo, kesho wananinyang'anya ufunguo. Tutakula nini? Hizo vipande?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetumaini atapewa jibu. Nusura akamwambia hatamsamehe, kisha akammiminia chai, kwa kuwa alikuwa mume wake na alikuwa amechoka.

Akalipeleka blanketi kwa wazee wa msikitini. Wazee walikipapasa kipande mmoja baada ya mwingine, wakakubaliana kwamba ni machozi, tena ya kweli. Wakasema ndoa changa ndivyo zilivyo. Watoto wakizaliwa, kitakauka chenyewe.

Basi Nusura akawasha pasi ya makaa. Jioni ile, kipande kilipolowa, alikipiga pasi mpaka kikakauka, na mvuke wake ulinukia mafuta ambayo Ziada alikuwa akipaka nywele. Jioni ya pili akafanya hivyohivyo. Kilipolowa cha Edris, nacho alikipiga pasi.

Siku moja Benedetta alivuka Malaba kupeleka ufuta Tororo. Aliporudi hakupita hata kwake kutua mzigo.

"Nimekutana na Ziada sokoni, na ile gauni nyekundu. Ameniambia nikwambie hivi: kila magharibi gauni inapata joto hapa ubavuni, kushoto, hata kama ameitundika ukutani. Sasa anaivaa mapema, aipate. Anasema usiache, mama."

Nusura akalia kwa sauti, akamkumbatia Benedetta pamoja na gunia lake.

"Na mkono?" aliuliza baadaye.

"Bado ameufunga na leso."

Jioni hiyo Edris aliegesha lori mbele ya nyumba, akasimuliwa yote. Akaenda jikoni mwenyewe, akachagua makaa mazuri, akayajaza kwenye pasi na kuyapepea mpaka yakashika. Nje walimaliza kuadhini. Kipande chekundu kikaanza kulowa, na ufunguo wa lori ulikuwa ukining'inia kwenye msumari wake mlangoni.

Nusura akaichukua pasi. Edris akamshika mkono.

"Pole pole," alisema. "Huo ubavu ndio unamuuma."

Nusura akapunguza makaa.